Kuomba Jeshi na Kusomea Uafisa Baada ya Miaka Bila Kazi: Maswali ya Vijana wa Unguja na Pemba

Maswali haya nimeyaokota maskani, kwenye boti ya Mkoani na kwenye simu za usiku. Wanaouliza ni vijana waliomaliza skuli au chuo, wakakaa miaka miwili, mitatu, hata mitano bila ajira, halafu likawajia wazo la jeshi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nyota sikuivaa, na sababu utaikuta katika swali la 6. Kama huna muda wa kusoma yote, anza na la 6 na la 8.

## Mambo ya mwanzo

1. Afisa na askari wa kawaida wanatofautiana nini?

Askari huanza chini, Praiveti, akapanda kwenda Koplo, Sajenti na kuendelea. Afisa ana kamisheni, nayo hutunukiwa na Rais akiwa Amiri Jeshi Mkuu. Cheo chake cha kwanza ni Luteni Usu, nyota moja begani. Baada ya hapo ni Luteni, Kapteni, Meja, na safari inaendelea.

Cheo hicho kidogo kina mzigo mkubwa. Luteni Usu anaweza kukabidhiwa platuni ya watu thelathini hivi, na ndani yake mna masajenti waliokwishavaa kombati yeye bado yuko msingi. Ndiyo maana wanaochagua wanaangalia zaidi ya vyeti.

Mafunzo yenyewe hutolewa Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, mkoani Arusha. Chuo kilianza Kurasini, Dar es Salaam, mwaka 1969 kabla ya kuhamia Monduli. Siku hizi kinatoa pia shahada ya sayansi ya kijeshi ya miaka mitatu.

2. Naweza kuomba Monduli moja kwa moja, kama mtu anavyoomba chuo kikuu cha SUZA?

Kwa kawaida hapana, na hapa wengi hupotea mapema. Tangazo unaloliona ni la Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) kuandikisha vijana. Unaomba jeshi kwanza. Ukichukuliwa unakuwa kuruta kama wenzako, unapigishwa kwata na mchakamchaka, na kupelekwa kozi ya uafisa kunaamuliwa humo ndani kwa elimu yako, afya yako na mwenendo wako. Ukifika Monduli unaitwa afisa mwanafunzi.

Kwa hiyo anayesema "mimi naomba uafisa tu, ukuruta siutaki" ajue hajaanza hata kuomba.

3. JWTZ, KMKM, JKU, JKT: si yote majeshi?

Ulinzi ni jambo la Muungano tangu 1964, na jeshi la kulinda nchi ni moja, JWTZ, lililoundwa tarehe 1 Septemba mwaka huo. KMKM (kikosi cha kuzuia magendo), JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), Valantia, Chuo cha Mafunzo (magereza ya Zanzibar) na Zimamoto ni vikosi vya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, vina ajira zake na vyeo vyake. JKT ni Jeshi la Kujenga Taifa, la malezi ya vijana. JKU ni mwenzake wa huku kwetu kwa namna fulani, lakini cheti chake kina jina lake. Ukikuta tangazo limeandika "JKT", usijisomee "JKT au JKU".

Kuna mtego ambao hauwapati watu wa Bara sana. Matangazo ya JWTZ yamekuwa yakitaka mwombaji asiwe amewahi kutumikia Polisi, Magereza, Chuo cha Mafunzo au KMKM. Yaani kijana anayeingia KMKM kwa nia ya "kupita tu" kisha aende Monduli, anaweza kuwa amejifungia mlango aliokuwa akiutaka. KMKM ni kazi ya heshima. Iombe kama unaitaka yenyewe.

## Ile miaka ya kukaa

4. Kukaa muda mrefu bila kazi kunanipunguzia nafasi?

Kwa masharti yanayoandikwa, hapana. Sijaona tangazo la kuandikisha linalodai uwe umewahi kuajiriwa. Wanataka uraia, umri, elimu, afya na tabia njema.

Kinachopunguza nafasi ni vitu ambavyo miaka ile imevifanya huku huangalii. Umri umesogea (swali la 6). Vyeti vimekaa sandukuni mpaka vikaliwa na mchwa (la 9). Mwili umezoea kahawa na keram (la 11). Na mtu amejizoesha kusema uongo mdogo mdogo kila akiulizwa "siku hizi unafanya nini?", mpaka siku ya usaili ulimi unateleza wenyewe.

5. Nikiulizwa nilikuwa nafanya nini miaka minne, nijibu nini?

Jibu ulichokuwa unafanya. Wengi wakisikia hivi hucheka, wananiambia "lakini nilikuwa sifanyi kitu." Tukikaa dakika kumi inatoka: msimu wa karafuu alikuwa akichuma Konde, jioni akiwasomesha watoto wa jirani hesabu, mama alipolazwa yeye ndiye aliyekuwa akilala naye hospitali, na bodaboda ya ami yake aliiendesha mwaka mzima. Hiyo ni kazi, ila haina mshahara wa mwezi wala barua ya ajira.

Wanaokuuliza nao wametoka majumbani kama kwenu, ajira ilivyo wanaijua. Wanachopima ni kama unasema kweli bila kujitetea na bila kulialia. Jibu la sentensi tatu linatosha:

"Nimemaliza shahada 2021, sijapata ajira. Nimekuwa nikichuma karafuu kwa msimu na kusomesha twisheni kidato cha pili. Toka mwaka jana nimejiandaa kwa jeshi."

Halafu nyamaza. Ukijaza ukimya kwa maneno ndipo unapoanza kuvuruga. Na usibuni kampuni. Kijana mmoja ninayemjua aliandika kuwa alikuwa "meneja wa mauzo" duka fulani la Darajani. Aliulizwa duka lilikuwa likifungua saa ngapi Ijumaa. Alinyamaza, na wao wakaandika.

6. Nina miaka 25. Nimechelewa?

Inategemea una cheti gani. Tangazo la JWTZ la mwaka 2025 liliweka mwisho miaka 24 kwa wenye elimu ya sekondari, kidato cha nne na cha sita. Stashahada ilikuwa 26, elimu ya juu 27, na madaktari bingwa 35. Tangazo lingine linaweza kuja na namba nyingine, lakini umbo ni hilo: elimu ikipanda, mlango unabaki wazi kidogo zaidi.

Sasa piga hesabu yako mwenyewe. Kijana wa Pemba aliyemaliza kidato cha sita akiwa na 21, akasoma shahada miaka mitatu, ana 24. Akikaa miaka mitatu akisubiri majina ya ualimu, ana 27. Huyo amebakiwa na tangazo moja, kama litatoka kabla ya siku yake ya kuzaliwa.

Hivyo ndivyo ilivyonikuta mimi. Nilikaa miaka minne. Kila mwaka nilisema nisubiri kwanza majibu ya serikalini, na wazee wakaniambia subira huvuta heri. Tangazo lilipotoka nililisoma pale kibandani Machomanne nikiwa nimepitiliza kwa miezi mitano. Nilirudia kulisoma mara tatu kana kwamba namba itabadilika. Kwa hiyo anayeniuliza kama aombe mwaka huu au mwakani, jibu langu ni moja tu.

Usipunguze umri. Wapo wanaokushauri uende kusajiliwa upya kama umezaliwa mwaka wa mdogo wako. Tarehe yako imo kwenye cheti cha kuzaliwa, kwenye kitambulisho na kwenye rejista ya skuli, na kughushi ni kosa la jinai. Swali la 14 litakuonesha kosa la jinai linafanya nini.

7. Sikwenda JKT. Nianzie huko?

Soma tangazo lililo mbele yako. Matangazo hayafanani: yapo yaliyodai cheti cha JKT, ya mujibu wa sheria au ya kujitolea, na yapo yaliyoomba nakala ya cheti hicho kwa waliopitia tu.

JKT ya kujitolea ni mkataba wa miaka miwili, na nayo ina umri wake. Maombi huanzia kwenye wilaya na mkoa unakoishi. Mwenye miaka 20 na kidato cha nne, kwangu mimi, asisite: aende. Mwenye 25 na shahada achukue kalamu kwanza, maana akitoka atakuwa 27. JKT wenyewe husema kila mwaka kuwa hawatoi ajira wala hawamtafutii mtu ajira. Baadhi huchukuliwa na majeshi wakiwa makambini, wengine hurudi makwao na begi lao.

## Karatasi

8. Kwa nini kila mtu ananiambia nitayarishe vyeti kabla tangazo halijatoka?

Kwa sababu tangazo likitoka huna muda. La 2025 lilitoa wiki mbili. Maombi yaliandikwa kwa mkono na kupelekwa Makao Makuu ya Jeshi, Dodoma. Aliyeko Dodoma anapanda daladala. Aliyeko Micheweni anashuka Mkoani au Wete, boti mpaka Unguja, boti nyingine mpaka Dar es Salaam, kisha basi au treni ya SGR. Bahari ikichafuka umeshapoteza siku mbili.

Wiki hizo mbili ni za safari, hazitoshi kutafuta cheti cha kuzaliwa pia. Kabla ya hapo uwe umeshika mkononi:

- kitambulisho cha Taifa cha NIDA, au namba yake. Kile cha Mzanzibari Mkaazi hakichukui nafasi yake;
- cheti cha kuzaliwa kutoka Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar;
- vyeti vya kidato cha nne, cha sita na vya chuo, vyenyewe na nakala;
- cheti cha JKT kama ulipitia.

Watu wengi wa hapa wana ZanID, yaani hicho cha Mkaazi, mfukoni wakadhani wamemaliza. NIDA ni foleni nyingine. Ianze leo.

9. Jina langu limeandikwa hivi huku na vile kule. Ni tatizo?

Ni tatizo, na kwetu ni tatizo la kila nyumba. Skuli mwalimu aliandika Hamisi, cheti cha kuzaliwa kina Khamis. Aisha nyumbani ni Asha, Othman amekuwa Usmani. Mwingine cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, kitambulisho kina matatu pamoja na la babu. Mwingine alizaliwa nyumbani kwa mkunga, akaandikishwa akiwa na miaka saba, na mama aliikumbuka siku kwa "ule mwaka wa mvua kubwa".

Fanya hivi. Panga karatasi zako zote mezani, zisome herufi kwa herufi, jina na tarehe. Cheti cha Baraza la Mitihani ndicho kigumu zaidi kubadilika, kwa hiyo mara nyingi ni nafuu kurekebisha vingine vikifuate. Kwa Wakala na kwa NIDA utahitaji barua ya sheha na wakati mwingine kiapo cha mahakamani. Nenda asubuhi, na usiende Ijumaa. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi. Ndiyo maana mtu asiye na kazi ana faida moja juu ya mwenye kazi: Jumatatu saa mbili anaweza kukaa kwenye benchi la ofisi bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Cheti kilichopotea au kuliwa na mchwa kinaanzia polisi, kwa taarifa ya upotevu, kisha Baraza la Mitihani. Karatasi ya matokeo ya mtandaoni usiitegemee.

10. Barua ya mkono iandikwe vipi?

Kwa wino, kwenye karatasi safi isiyokunjwa, ukurasa mmoja. Anwani yako juu, anwani iliyotajwa kwenye tangazo chini yake, YAH: kisha unachoomba kwa maneno yale yale ya tangazo. Aya ya kwanza wewe ni nani, umezaliwa lini na wapi, unaishi shehia gani. Ya pili elimu. Ya tatu unachokijua kufanya: kuogelea, umeme, kompyuta, kuendesha boti. Miaka ya kukaa ipe sentensi moja, kama ya swali la 5. Namba ya simu iwe ile ambayo haitafungwa. Nimeona kijana aliyeitwa kupitia laini aliyoiacha kwa shangazi yake Tumbe, na shangazi alikuwa arusini.

Usiandike kwamba familia yako ni maskini. Wanaokwenda pale wote si matajiri.

## Mwili

11. Sijakimbia tangu skuli. Nianze wapi?

Anza kwa kutembea. Wiki mbili za kutembea kwa haraka nusu saa, viatu miguuni, kabla jua halijawa kali. Kisha changanya: dakika moja mbio, mbili kutembea. Ndani ya miezi mitatu mtu mzima wa afya anafika kilomita tano bila kusimama. Wa Chake wana uwanja wa Gombani, wa mjini Unguja wana Maisara. Wa pwani wana mchanga mgumu maji yakitoka, ambao ni mzuri kwa magoti kuliko lami. Ongeza pushapu na tumbo, kidogo kila siku. Mwezi wa Ramadhani kimbia baada ya tarawehe, usijitie kiu ya bure.

Na lala. Maskani mpaka saa nane usiku kila siku, kisha kuamka saa nne, ndiko kunakomuumiza kuruta wiki ya kwanza kuliko mbio zenyewe.

12. Vipimo vya afya vitaangalia nini?

Mwili mzima. Kabla ya kutumia nauli ya Dodoma, nenda hospitali iliyo karibu, Abdalla Mzee kama uko Mkoani, Mnazi Mmoja kama uko mjini, upimwe presha, macho, sukari na kifua. Meno yaliyooza yazibwe. Presha ya kijana wakati mwingine ni chumvi, sigara na kukosa usingizi, na inashuka ukianza mapema. Ukiijua wiki ya safari, umechelewa.

## Matapeli

13. Kuna mtu anasema ana nafasi, anataka laki nane. Ni kweli?

Si kweli. Jeshi halitozi pesa kuandikisha mtu, na hurudia kusema hivyo karibu kila zoezi. Tapeli anamtafuta hasa aliyekaa bila kazi muda mrefu, kwa sababu anajua mama yake yuko tayari kuuza mikarafuu. Atakuja na barua yenye mhuri, atajiita afande, atataka "ya fomu" leo na "ya daktari" kesho. Jirani yetu alituma mara tatu, na mara ya nne simu haikupatikana.

Mwambie aje mwende wote wawili kituo cha polisi mkamalizie huko. Hatokuja.

## Kesi za pembeni

14. Niliwahi kukamatwa. Basi tena?

Kukamatwa ni kitu kimoja na kutiwa hatiani ni kingine. Sharti linavyoandikwa ni mwombaji asiwe amepatikana na hatia ya jinai mahakamani na kufungwa. Uliyekusanywa na wenzako maskani usiku ukaachiwa asubuhi hujafika huko. Ukiulizwa, sema. Sheha na majirani wanaweza kuulizwa habari zako, na jambo lile lile likitoka kwao baada ya wewe kulikana linakuwa zito zaidi.

15. Tumefunga ndoa kimya kimya, haijasajiliwa. Niandike sijaoa?

Ndoa iliyofungwa na shehe ni ndoa. Matangazo ya Polisi yamewahi kutaka mwombaji awe hajaoa wala hana mtoto. La jeshi lisome kwa macho yako mwenyewe, usisomewe. Ukidanganya hapo, wa kwanza kuja kukufichua ni mkwe.

16. Kwetu watu wote ni wa chama fulani. Nitaulizwa?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na Pemba zaidi. Ninachoweza kukupa ni maandishi: Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 147, inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, na inamwachia haki yake ya kupiga kura. Kama una kadi, ujue unaiacha. Na picha za kampeni ulizojaza kwenye simu yako, hizo ni zako, hazina kazi jeshini.

17. Nikipata kibarua wakati nasubiri, nikiache?

Usikiache, kifanye. Kusubiri ukiwa na shilingi mbili za nauli ni bora.

18. Mimi ni msichana na wazee wanakataa. Nifanyeje?

Wasichana wanapokelewa na Monduli imekwishatoa maafisa wengi wanawake. Amiri Jeshi Mkuu wa sasa, anayewavisha vyeo, ni mwanamke wa Makunduchi. Hoja hiyo ina nguvu kwa baba, kwa mama haina sana. Mama haulizi sheria. Anauliza utalala wapi, utakula nini na nani atakuwa karibu ukiumwa. Mtafute mama mwingine ambaye binti yake yuko jeshini, na kwenye shehia nyingi hukosi, wakae wao wawili ukumbini wewe ukiwa jikoni. Usiingilie.

Akianza kuuliza Monduli kuna baridi kiasi gani, mjibu vizuri. Kuna baridi, ni kwenye miinuko ya Arusha, si kama Chake. Sweta atakununulia yeye, kabla hajasema ndiyo.